Sindano Niliyomchoma Emanueli Shingoni

Ninyi mnaoingia kwenye kazi ya usingizi mwaka huu mtaniona mama mzee anayerudiarudia mambo. Sawa, acha nirudie. Nimestaafu, nakaa kijiji cha Daudi, nalima vitunguu saumu, nina ng'ombe wawili wa maziwa. Na bado nikikaa kanisani nyuma ya mtu mwembamba, macho yangu yanakwenda shingoni mwake yenyewe. Natafuta msuli, natafuta kale kabonde nyuma ya msuli, halafu jasho linanitoka mgongoni na sisikii tena mahubiri. Mume wangu hunigusa kiwiko akaninong'oneza, "Uko wapi wewe?" Sijawahi kumjibu vizuri. Leo nawajibu ninyi.

Aliyenifundisha shingo ni Mzee Tluway. Alikuwa mkuu wetu wa usingizi katika hospitali moja upande wa Hanang, na mimi nilikuwa nesi mgeni niliyejua kuchoma sindano za makalio tu. Hatukuwa na mchoro wa ukutani. Mzee alivua shati, akasimama mbele ya kioo cha pale tunaponawia mikono, akachovya pamba kwenye GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomo, akaanza kujichora mwenyewe.

"Hesabu," akaniambia. "Mizizi mitano. Minne inatoka kati ya pingili za shingo, mmoja unatoka juu kabisa ya kifua. Hiyo ndiyo mishipa ya fahamu ya mkono, yote. Inapenya hapa, katikati ya misuli hii miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Weka kidole chako."

Nikaweka. Niliona aibu kumshika mkubwa wangu shingo.

"Bonyeza, mimi si yai. Unasikia kabonde? Hapo ndipo mlango. Ikishapita mlango inaungana, inabaki vigogo vitatu. Vinapanda juu ya ubavu wa kwanza, vinapita chini ya mtulinga pamoja na mshipa mkubwa wa damu. Na chini ya ubavu huo kuna nini?"

"Pafu, mzee."

"Pafu. Usilisahau hata ukiwa umelala."

Akaendelea kuteremsha rangi mpaka kwapani, ambako mishipa inasukana upya kama nywele na kugawanyika tena. Mmoja unainua bega. Mmoja unakunja kiwiko. Mmoja unanyanyua kiganja, na huo ukiumia kiganja kinaning'inia kama kitambaa kilicholowa. Mmoja ni wa kidole gumba na majirani zake. Wa mwisho unapita nyuma ya kiwiko kwenda kidole kidogo, ndio ule ambao ukiugonga kwenye kona ya meza unaruka. Alinifanya nimpime kila mmoja, kwa kumwambia akunje, anyooshe, atanue vidole, mpaka nikaweza kusema ni upi uliolala bila kuuliza.

Halafu akachora mstari mmoja peke yake, mbele ya ule msuli wa mbele, unaoteremka moja kwa moja kifuani.

"Huu si wa mkono," alisema. "Huu ni wa pumzi. Unakwenda kwenye kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Ndio unaovuta hewa. Kila upande una wake. Ukichoma ganzi huku juu shingoni, karibu kila mara utaulaza na huu wa upande huo. Nusu ya kiwambo inasimama. Mtu mwenye mapafu mawili mazuri hata hajui kama kuna kitu kimetokea. Mwenye moja..."

Hakumaliza. Alianza kuvaa shati lake. GV haitoki kwa sabuni, na Jumapili ile alikwenda kanisani na shingo ya zambarau. Watoto walimkodolea macho ibada nzima, naye akaimba kwa sauti kubwa kama kawaida.

Siku hizi mna mashine ya picha. Mnaweka kile kipande chake shingoni, mnaona mizizi yenyewe kama vidoti vyeusi vilivyopangana, mnaona sindano ikiingia. Nimeonyeshwa, na sikuficha, nilitoa machozi. Sisi tulipapasa. Tuliingiza sindano taratibu na kumwambia mgonjwa, "Sema ukisikia umeme mkononi." Umeme ukifika kwenye vidole, ndipo unasukuma dawa. Mzee mmoja wa Hirbadaw aliniuliza, "Binti, huo umeme ukoje? Kwangu haujafika." Nikamwambia ni kama kujigonga kiwiko. Akasema hilo analijua. Ganzi ilimshika vizuri sana. Lakini tulipokuwa tukimhamisha kitandani, mkono wake uliolala ukaponyoka na kumwangukia usoni, puu. Akafoka, "Nani amenipiga?" Tulipomwambia ni mkono wake mwenyewe, akaushika kwa ule mwingine, akautazama kwa muda, akamkabidhi mke wake: "Nishikie. Huu simjui mwenyewe."

Chekeni, ndiyo. Lakini hapo ndipo palipo na hatari. Mkono uliolala hauwezi kulalamika. Nilimwachia mama mmoja mkono umetanuliwa mno kwenye ubao wakati wa upasuaji wa tumbo, ukapita usawa wa bega, nami nilikuwa nahangaika na drip ya upande mwingine. Mishipa ile ya shingo na kwapa ilivutika kama kamba kwa muda wote wa upasuaji. Alipoamka hakuweza kuinua bega wala kukunja kiwiko. Ilimchukua miezi mingi kurudi kushika jembe. Kwa hiyo nawaambia: usitanue mkono wa mtu aliyelala kupita pembe ya mraba, weka kitambaa laini chini ya kiwiko, na kila mara rudi uutazame.

Sasa nije kwa Emanueli.

Alikuwa mtu wa Basotu, wa miaka kama thelathini na minane, mrefu, mwembamba, mwenye ndevu chache. Asubuhi ile alikuwa anasomba vitunguu kwa mkokoteni wa ng'ombe. Gurudumu likaingia kwenye shimo, mkokoteni ukapinduka, ukambana mkono wa kulia kwenye jiwe. Mfupa ulivunjika juu, karibu na bega, na ncha yake ikatoboa ngozi. Walimleta kwa pikapu. Mke wake, Mama Neema, alikuwa amejifunga khanga yenye damu. Pamoja nao alikuja kaka mkubwa wa Mama Neema, mtu wa maneno machache na kofia iliyovaliwa mpaka kwenye nyusi.

Mzee Tluway alikuwa ameshastaafu, anakaa Dongobesh. Mkuu wa usingizi nilikuwa mimi. Daktari wetu alikuwa kijana mwenye mikono mizuri. Aliutazama mkono, akasema, "Sista, hili lazima lioshwe sasa hivi. Likikaa litaoza. Utampa usingizi?"

"Amekula?"

Mama Neema akajibu, "Amekula, mama. Ugali na samaki, amemaliza tu ndipo akapanda mkokoteni."

Mnajua kwa nini nilisita. Ukimlaza mtu aliyeshiba, tumbo linaweza kurudisha chakula, kikaingia mapafuni. Ganzi ya kwapani isingetosha kwa mfupa uliovunjika juu vile. Nikaamua shingo. Uamuzi wenyewe haukuwa mbaya. Ubaya ulikuwa ndani ya dakika mbili zilizofuata.

Nilimhoji pale pale koridoni, kwenye machela, nikiwa nimeshika fomu. Shemeji yake alikuwa amesimama kichwani pake, mke miguuni.

"Una pumu?"

"Hapana, sista."

"Presha? Kifafa?"

"Hapana."

"Umewahi kuumwa kifua? TB?"

Alimtazama shemeji yake. Niliona. Niliyaona macho yale yakipanda juu na kurudi, na nikayapuuza kwa sababu daktari alikuwa ananawa mikono.

"Hapana, sista."

Nikaweka alama kwenye fomu. Stetoskopu ilikuwa shingoni mwangu. Sikuiweka kifuani mwake. Nimeifikiria dakika ile mara nyingi kuliko siku yangu ya harusi.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Rehema, nesi niliyefanya naye kazi, binti wa wenye duka pale Katesh, alinishikia taa. Emanueli aligeuza kichwa kushoto. Kabonde kalionekana hata bila kubonyeza, maana alikuwa mwembamba. Sindano iliingia mara moja tu. Akasema, "Umeme, mpaka kidole gumba," nami nikavuta kwanza kuona kama kuna damu, hakuna, nikasukuma ile dawa yetu inayokaa saa nyingi. Nilijisifu moyoni. Nilitamani Mzee Tluway angekuwepo aone.

Baada ya muda kidogo mkono ukawa mzito. Kope ya kulia ikalegea, sauti ikakwaruza. Hayo nilikuwa nimezoea kuyaona, dawa husambaa kidogo pale shingoni na kuvigusa vitu vya jirani. Nikamwambia, "Usiogope jicho, litarudi." Akatikisa kichwa. Kisha akakunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo.

"Sista," akasema. "Hewa."

"Hewa imefanyaje?"

"Haishuki."

Nikatazama kile kidude cha kidoleni kinachosoma oksijeni. Tisini na moja. Nilidhani kimelegea, nikakibana. Themanini na sita. Emanueli akaanza kuinuka, akisukuma meza kwa mkono wa kushoto. Misuli ya shingo ilikuwa imesimama, mabega yanapanda na kushuka, na kati ya mbavu ngozi inaingia ndani kila anapovuta. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kando yake kama kitu cha mtu mwingine.

Wanangu, kuna hofu ya kukimbia nyoka, hiyo inakupa miguu. Hii ilininyang'anya miguu. Nilijua mara moja kuwa nimeua pumzi ya mtu, na sikujua kwa nini. Nilimwambia Rehema, "Oksijeni, fungua yote," na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Nikachukua ambu, ule mfuko wa mpira unaokamuliwa kwa mkono kumpumulisha mtu, nikamwekea barakoa yake usoni. Akaitupa. Mtu anayekosa hewa hataki kufunikwa uso. Nikaiweka tena.

"Emanueli, nitazame. Vuta ninapokamua. Vuta."

Themanini. Sabini na nane. Midomo ikageuka rangi.

Daktari akasema, "Mlaze, sista. Mpe dawa ya usingizi, tumtie mpira kooni."

"Nikimlaza nani atampumulisha, daktari? Hatuna mashine. Na ameshiba." Niliibana barakoa iliyokuwa inavujisha hewa pembeni. "Rehema, chukua simu yangu mfukoni. Mpigie Mzee Tluway. Nishikie sikioni."

Iliita kwa muda mrefu. Alipopokea, nyuma yake nilisikia ng'ombe na kelele za mnadani.

"Shikamoo mzee. Nimechoma shingo, mtu hapumui vizuri. Anavuta lakini haishuki."

"Marahaba. Upande gani?"

"Kulia."

"Pafu halijatobolewa?"

"Sidhani. Niliingia mara moja, juu, mbali na mtulinga."

"Kifua cha kushoto kikoje?"

Nilikamua ambu.

"Binti yangu, nimekuuliza. Kifua cha kushoto kikoje?"

"Sijakisikiliza, mzee."

Kelele za mnadani ziliendelea. Kisha Mzee akasema, polepole kabisa, "Kisikilize sasa."

Rehema aliniwekea stetoskopu masikioni. Kulia, hewa ilikuwa ikiingia kidogo, juu juu. Kushoto hapakuwa na kitu. Ilikuwa kama nimeiweka ukutani. Nikamwinamia Emanueli, mdomo wangu karibu na sikio lake.

"Hapa hakuna ndugu yako yeyote. Kushoto kwako hakuna pumzi. Uliumwa TB?"

Akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali. Kati ya mkamuo na mkamuo akasema neno moja, "Mererani." Baadaye nilijua yote. Alikaa kwenye migodi ya huko miaka sita, akala vumbi, akapata TB, akatibiwa akapona, lakini pafu la kushoto likabaki kovu tupu. Alirudi nyumbani akaoa bila kusema. Shemeji yule mwenye kofia ndiye aliyekuwa amempinga, akisema hampi dada yake mtu wa migodini anayekohoa. Kwa hiyo aliishi na pafu moja na siri moja, akalima na kubeba magunia, na mimi nikaja na sindano yangu nzuri nikalaza nusu ya kiwambo chini ya pafu hilo moja.

Nikamweleza Mzee. Akasema, "Usimlaze. Mkalishe wima kabisa, miguu ining'inie, tumbo lisisukume juu. Kama anaweza kukutazama na kukusikia, msaidie kwa mkono. Kamua kidogo kidogo, pamoja na pumzi yake, usimjaze tumbo. Weka mpira wa koo tayari pembeni. Akianza kusinzia, hapo ndipo unamtia, huna njia nyingine. Unaelewa?"

"Naelewa. Mpaka lini?"

"Mpaka dawa iishe. Ulichoma ile ndefu?"

"Ndiyo."

"Basi mpaka jioni. Vua viatu, simama vizuri."

Tukamkalisha. Daktari alimshika mgongo, mimi nikasimama mbele yake, barakoa mkono wa kushoto, ambu mkono wa kulia. Vuta. Toa. Vuta. Toa. Sabini na sita. Nikadhani tumechelewa. Sabini na tisa. Themanini na nne. Ikafika themanini na tisa, ikakwama hapo, ikizunguka, ikishuka nilipokosea kwenda na pumzi yake, ikipanda nilipopatia.

Macho yake hayakuniacha. Mtu uliyemlaza kwa dawa hakutazami. Huyu alinitazama saa baada ya saa, akijua kwamba mkono wangu ukisimama naye anasimama. Alikuwa amenikamata aproni kwa mkono wa kushoto, ameikunja ndani ya ngumi. Sikuweza kugeuka hata kupiga chafya.

Daktari akasema, "Sista, mkono wenyewe umeshakufa ganzi. Acha nioshe."

Niliona ni ukatili, halafu nikaona ana haki, maana mfupa ulikuwa bado nje. Akaosha kidonda kile mtu akiwa amekaa, akauvuta mfupa mpaka nikasikia ukisugua na kuingia mahali pake, akashona, akafunga. Emanueli hakukunja hata uso. Ilikuwa ganzi nzuri kuliko zote nilizowahi kuchoma.

Saa sita Rehema akasema, "Nipe, sista, mkono wako umechoka." Nikakataa. Akaniambia kwa ukali, binti yule mpole, "Nipe, ama utamuua kwa kiburi." Nikampa. Tukawa tunabadilishana. Anayepumzika anaweka kiganja chini ya mbavu za kulia za Emanueli, pale kiwambo kinapolisukuma tumbo mtu anapovuta pumzi. Upande wa kushoto wa tumbo lake ulikuwa ukisogea. Wa kulia ulikuwa umekaa kama meza.

"Kuna kitu?"

"Bado."

Saa saba, bado. Saa nane akaanza kusinzia. Kope zote mbili zikashuka, kichwa kikainama begani kwangu. Nilimpiga shavu. "Emanueli! Mke wako anaitwa nani?" Hakujibu. Daktari alishachukua mpira wa koo. Nikampiga tena, kwa nguvu, kofi la kweli. "Binti yako anaitwa nani?"

"Neema," akasema.

"Ana miaka mingapi?"

"Saba."

"Anasoma darasa la ngapi?" Na hivyo hivyo. Nilimuuliza majina ya ng'ombe wake wote, na kila ng'ombe alinunuliwa wapi. Nilimuuliza bei ya samaki Basotu. Nilimuuliza njia ya kutoka kwake mpaka hospitalini, kona kwa kona, na alipokosea nikamgombeza. Daktari aliuweka chini mpira wa koo, akauchukua, akauweka tena.

Ilikaribia saa kumi. Jua lilikuwa limefika kwenye kigae cha ukuta wa mashariki. Nilikuwa nakamua, Rehema ndiye aliyeweka kiganja. Nilimwona amekunja shingo kama anayesikiliza.

"Sista," akanong'ona. "Kuna kitu."

"Usiniambie kama huna hakika."

"Weka mkono wako."

Nikampa ambu, nikaweka kiganja. Pumzi moja, hakuna. Pumzi ya pili, nikahisi kugusa kidogo, kama mtoto anavyopiga teke la kwanza tumboni. Ya tatu. Ya nne ikanisukuma kabisa. Kile kidude kikasoma tisini na mbili, tisini na tatu. Kidole gumba cha mkono wa kulia, ndani ya bandeji, kikajikunja. Maumivu ya mfupa yakaanza, akaguna, na lile guno lilikuwa na hewa nyingi ndani yake. Nilikaa sakafuni.

Nilipoinuka nilitoka nje. Mama Neema alikuwa kwenye benchi tangu asubuhi, kaka yake amesimama pembeni. Nilimwomba kaka atupishe. Hakutaka, nikamwambia tena, akaenda.

"Mama Neema, mume wako yuko hai. Lakini leo nimemkosea." Nikamweleza. Nilitumia maneno mepesi: sindano yangu ilisimamisha pumzi ya upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa mgonjwa, na mimi sikupima kabla. Sikumwambia ugonjwa gani. Hiyo ilikuwa ya mumewe kusema.

Alinitazama mikono. Ilikuwa imevimba.

"Wewe ndiye uliyemchoma?"

"Ni mimi."

"Na wewe ndiye uliyekuwa unampumulisha mpaka saa hizi?"

"Mimi na mwenzangu."

Akainuka kwenye benchi. Kisha akasema, "Sijui nikupige au nikushike mkono. Nikijua nitakuja kukuambia." Akaingia ndani.

Emanueli alimwambia mwenyewe kesho yake, wodini. Mama Neema hakumsemesha siku mbili, ila uji alileta, akauweka, akatoka. Siku ya tatu nilipita nikamkuta anamnyoa ndevu kwa wembe, amemshika kidevu kwa nguvu, anamgombeza kwa sauti ya chini bila kupumzika, naye Emanueli ametulia kama kondoo. Shemeji hakuambiwa. Walirudi Basotu. Mfupa ulichelewa kuunga, lakini vidole vyote vitano vilifanya kazi, nilivipima kimoja kimoja kabla hajaondoka. Mama Neema hakuwahi kuja kuniambia chochote.

Niliandika kila kitu kwenye faili kwa mkono wangu, pamoja na yale ambayo sikufanya. Kisha nikakataa kuchoma shingo. Kwa wiki tatu niliwapa wagonjwa usingizi wa kulala hata pale ambapo haukufaa, na nikawa naongeza hatari kwa sababu ya woga. Mzee Tluway akasikia. Hakunifariji. Alinipigia akasema, "Wanaoogopa namna hiyo ni wawili. Mmoja anaacha, mwingine anapima. Chagua kabla hujaua mtu kwa woga huo."

Mgonjwa aliyefuata alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, aliyeanguka zizini akavunja mkono juu, moyo wake dhaifu, usingizi wa kulala ungemmaliza. Niliwatoa watoto wake wote nje, wakanung'unika. Nilifunga mlango. Nilimuuliza kila kitu mara mbili, nikamvua shuka la mgongoni, nikasikiliza kushoto, nikasikiliza kulia, nikarudia kushoto. Hewa ilikuwa inaingia pande zote, safi kama ya msichana. Nikanawa, nikavaa glavu, nikaweka kidole shingoni mwake, nikachukua sindano.

Bibi alikuwa amegeuza kichwa, lakini jicho lake moja lilikuwa linaniona.

"Mwanangu," akasema, "mbona mkono wako unatetemeka?"

"Naogopa, bibi."

Akafikiri kidogo. "Kaa basi kwanza," akasema. "Mimi siendi popote."

Nikaiweka sindano kwenye sinia, nikavuta stuli, nikakaa kando yake. Akaanza kuniambia habari za ng'ombe aliyemwangusha. Mkono ulipotulia, nikasimama, nikamchoma.